Mrushaji Asiyekuwa Ukutani

Ukiingia kwenye buvette, baa ndogo ya klabu yetu, siku ya mechi, utaona ukuta wa kulia umejaa picha za wachezaji waliopigiwa kura ya heshima. Yangu ndiyo ya mwisho, karibu na mlango wa jikoni. Nimeshika glavu kifuani na nimekunja uso kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Watu husimama chini ya picha hiyo na glasi zao mkononi, hucheka mpaka wakajifuta machozi, na ukisogea kusikiliza utakuta wanamzungumzia mtu mwingine.

Mtu huyo ni Mrushaji. Alikuwa na jina kama kila mtu, ila hapa Brussels, kuanzia Porte de Namur hadi Saint-Josse, sikumbuki nani alilitumia. Wabelgiji walimwita le Lanceur, yaani Mrushaji kwa Kifaransa. Wakongomani wenzetu wa Matonge walimwita Papa Lanceur. Mimi nilimwita Grand, kwa kuwa alinizidi umri wa kutosha kuwa kaka mkubwa, lakini si wa kutosha kuwa baba. Yeye aliniita petit, mdogo, na aliendelea kuniita hivyo hata nilipoota mvi.

Mchezo wenyewe ni besiboli, na siwalaumu wanaocheka wakisikia Wakongomani wa Brussels na besiboli. Mmoja anarusha mpira, mpinzani anasimama na gongo akijaribu kuupiga, na nyuma ya mpigaji huyo anachuchumaa mdakaji, amevaa kinyago cha chuma, anaudaka ukimpita. Anayerusha ndiye anayetazamwa. Anayedaka ndiye anayeharibika magoti. Mimi nilikuwa mdakaji.

Yeye ndiye aliyeniingiza. Nilikuwa mgeni mjini, nimetoka Bukavu, nasubiri karatasi zangu za ukaazi na sina la kufanya mchana kutwa. Nilimkuta bustanini anaurusha mpira ukutani peke yake. Alinitazama, akavua glavu, akanitupia.

"Petit, simama pale. Ushike tu."

"Na kama inanipiga?"

"Bon, utajua kama uko muzima."

Alijifunza wapi? Kila aliyemuuliza alipata hadithi yake. Wengine waliambiwa ni wamisionari wa Kiamerika kule Likasi, wengine waliambiwa ni baharia fulani huko Matadi, na mwamuzi mmoja aliapa kwamba Mrushaji alijifunzia kwenye televisheni ya hoteli. Aliongopa juu ya mambo madogo kwa raha kabisa, jinsi mtu anavyomenya chungwa. Katika karata aliiba waziwazi, kadi inaonekana kabisa kwenye mkono wa shati, na tuliendelea kucheza naye. Nikijaribu mimi utani wa namna hiyo, mezani panakuwa kimya.

Ngoja niseme kuhusu salamu zake, kwa sababu hizo ndizo zilizonila moyo miaka mingi.

Alikuwa dereva wa basi la shule, na nadhani huko ndiko alikozoea kumsalimu kila anayepanda. Kabla ya mechi alizunguka uwanja mzima. Alimsalimu mama wa chipsi, akawasalimu wapinzani mmoja mmoja, akawauliza habari za watoto wao kwa majina. Alimuuliza mwamuzi habari za mbwa wake aliyevunjika mguu, na si kwa unafiki. Alitaka kweli kujua kama mbwa anatembea. Kisha mechi inaanza. Mrushaji anarusha, mpira unapita nje ya eneo halali la kurushia kwa upana wa kiganja, mimi ndiye ninayeudaka na ninauona ulipopita, na mwamuzi anapaza sauti kwamba umo ndani. Siku alipoumwa, akarusha kijana mwingine, mpira ukapita palepale. Mwamuzi yuleyule akasema uko nje.

Mimi sikuwahi kuwa na kipaji hicho. Natengeneza lifti. Kazi yangu ni kuingia kwenye shimo la jengo, kufanya kinachotakiwa na kuondoka kabla watu hawajajua nilikuwepo. Mke wangu, ambaye ni wa Goma na hunisema bila kuficha, aliwahi kuniambia tukitoka kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani:

"Weye unaingiaka mu nyumba ya batu sawa vile unakuya kukata courant."

Nikamwambia kwamba mkata umeme haji na zawadi, na mimi nilileta zawadi. Akasema zawadi ilikuwa nzuri, ndiyo iliyosalimia watu.

Hata hivyo, msidhani Mrushaji alikuwa malaika wa kuchongwa. Alikumbuka jina la mbwa wa mwamuzi na akasahau siku ya kuzaliwa ya binti yake. Binti alihamia Liège akiwa bado kijana, na kwa muda mrefu hawakuongea. Aliwabembeleza watoto wa watu kwenye basi, kisha akifika kwake Saint-Josse anakaa gizani na televisheni, hataki kuzungumza na mtu. Na aliogopa sindano kupita mtu yeyote niliyemjua. Tulipoenda pamoja kuchanjwa, alimshika muuguzi mkono na kumwomba amsimulie habari za likizo yake mpaka yaishe. Muuguzi alisimulia. Alipofika kwangu alinichoma bila neno.

Kwenye buvette palikuwa na mzozo usioisha, nao ulihusu Amerika. Huko kuna jumba ambamo wachezaji wakubwa kabisa wa besiboli huwekwa wakumbukwe, na wanaopiga kura ni waandishi wa habari, ambao hutakiwa kupima mchezo na tabia. Wapo wapigaji mpira ambao kwa takwimu tu wangeingia bila kubisha hodi, lakini walituhumiwa kutumia steroidi, dawa za kuotesha misuli, na mlango ukafungwa. Wapo wengine waliotuhumiwa vilevile na wakapita. Wazee wa klabu waligombana juu ya jambo hilo kila msimu wa baridi, uwanja ukiwa tope. Mmoja anasema mwizi ni mwizi. Mwingine anasema dawa haimfundishi mtu kuuona mpira.

Mrushaji alisikiliza huku akitafuna karanga, kisha akanigeukia na kusema kwa Kiswahili, ili wengine wasielewe:

"Banaandika 'tabia'. Lakini banataka kusema: nani alitusalimiaka asubuhi."

Nilicheka. Ilikuwa kweli, na ilikuwa rahisi kwake kuisema.

Kisha mkono wake ukafa. Hakuna aliyeona isipokuwa mimi. Kwa macho ya watu wa ukingoni, Mrushaji alikuwa yuleyule, anainua goti, anajipinda, anaachia. Lakini mimi nilikuwa upande wa pili wa mpira. Ulifika mwepesi na umechelewa, kama mgeni anayeomba radhi. Alishinda bado, kwa ujanja na kwa waamuzi, na mimi nilimrudishia mpira bila kusema kitu. Nikiri kwamba mahali fulani chini ya kinyago changu nilikuwa naona raha kidogo.

Tukaachana kwa msimu wa baridi. Aliporudi majira ya kuchipua, shingo yake ilikuwa imeungana na mabega, na koti la mazoezi halikufungika. Alirusha mpira wa kwanza. Ulipiga glavu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata alipokuwa kijana, na maumivu yakapanda mpaka kwenye kiwiko. Kabla sijasimama nilikuwa nimeshajua. Mkono wa mtu una namna yake, na ule haukuwa mkono wa Grand.

Tabia nayo ikageuka. Yule aliyemuuliza mwamuzi habari za mbwa alilipiga teke sanduku la maji likapasuka kwa sababu ya mpira mmoja tu, halafu akakaa chini akalia mbele ya timu nzima. Watu wakasema ana uchungu wa binti yake. Mimi nikivunja kitu, ninaambiwa nina roho mbaya.

Katikati ya msimu, tukiwa tumebaki wawili chumba cha kubadilishia nguo, alitoa kichupa kwenye soksi.

"Petit, goti yako inalia. Nasikia vile inalia. Iko dawa."

"Dawa gani?"

"Vitamini tu. Donc, kidogo kidogo."

"Vitamini ya kuficha mu soksi?"

Alitabasamu, lakini hakukirudisha kichupa mahali pake. Alikishika kwenye kiganja kilichofunguka, kama anayenipa pipi.

"Na sindano, Grand? Weye unaogopa sindano."

"Nafunga macho," alisema. "Naimba."

Nilimwambia hapana. Nimesifiwa sana kwa hapana ile, hata na mapadri, na sikuwa na moyo wa kuwaeleza ilikotoka. Sikumkatalia kwa sababu ya sheria, wala kwa ajili ya afya. Goti liliniuma kweli. Nilikataa kwa sababu yeye alikuwa na kila kitu, na hapo hatimaye nilikiona kitu ambacho ningeweza kuwa nacho na yeye asiwe nacho.

Mwaka huo tulichukua ubingwa. Pigo la mwisho lilikuwa langu. Nilipiga mpira ukapita juu ya vichwa vyao, wenzangu wakakimbia mpaka kituo cha mwisho, alama zikaingia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu watu wazima walinibeba mabegani. Sikutaka kushuka. Kule chini, mwanamume na mwanamke wenye beji shingoni walikuwa wanamsubiri Mrushaji mlangoni na vichupa vya kuchukulia mkojo.

Majibu yalipokuja alifungiwa, na sisi tulinyang'anywa kombe. Pigo langu likafutwa pamoja na msimu mzima. Nilitarajia, kwa mara moja tu, kusimama katika chumba ambacho watu wote wamemkasirikia.

Alikuja buvette Jumapili moja mchana, wote tukiwepo. Hakuleta wakili, hakuleta hadithi ya dawa ya mafua. Yule aliyeongopa juu ya baharia wa Matadi alisimama katikati ya sakafu akasema kwa Kifaransa, taratibu:

"Nilijidunga mwenyewe. Hakuna aliyenidanganya, hakuna aliyenilazimisha. Niliwaibia kombe lenu. Pardon."

Akamtazama kila mmoja kwa zamu. Mama wa chipsi akaanza kulia. Rais wa klabu, mwanamke wa Kiflemi ambaye hata bia huiagiza kama anayeamrisha jeshi, akaenda kumkumbatia. Mimi nilibaki nimeegemea ukuta, nikawaza: hata kukiri anakiri vizuri kuliko ninavyosema bonjour.

Miaka ikapita. Tukaacha kucheza, yeye kwanza, mimi baadaye. Klabu ikaamua kuwa na ukuta wake wa heshima, na kwa sababu wazee wale walipenda Amerika, wakaiga masharti ya kule: robo tatu ya kura, na mchezaji atazamwe kwa mchezo na kwa tabia. Majina yetu mawili yakapendekezwa mwaka mmoja.

Mzozo wa zamani ukarudi, safari hii si kwa watu wa mbali. Aliyeandika alama zetu miaka yote, mzee mpole, alisema kwamba anampenda le Lanceur kama ndugu, na kwamba hatampigia kura. "Kombe lile lilikuwa la watu wengi," alisema. Wengine wakamjibu kwamba bila mtu huyo klabu isingekuwepo. Juu yangu hakuna aliyegombana. Waliinua mabega. Mdakaji mzuri, ndiyo. Safi, ndiyo. Nani anataka kula chakula cha jioni naye?

Kisha upepo ukabadilika. Watu walianza kunisimamisha. Kijana mmoja aliniambia hakujua kwamba nilicheza nusu msimu na kidole kilichovunjika. Mama wa chipsi aliniuliza kama ni kweli kwamba mimi ndiye niliyewafundisha wadakaji wote wadogo. Nilishangaa, mpaka rais aliponikuta kwenye mtaa wa Chaussée d'Ixelles amebeba mifuko yake ya dukani na kuniambia:

"Rafiki yako hanipi nafasi ya kupumua. Nikikutana naye ni wewe, wewe, wewe."

Nilipanda basi hapohapo mpaka Saint-Josse. Alikuwa anaishi juu ya duka la mikate, na ngazi zilinukia ufuta. Alifungua mlango akiwa na aproni.

"Grand, nani alikutuma?"

"Kunituma fasi gani?"

"Kuniombea kura. Miye si muntu ya kuombewa."

"Ingia kwanza. Majani ya sombe iko ku moto."

"Siingii."

Alijifuta mikono kwenye aproni, akatoka kwenye ngazi, akavuta mlango nyuma yake.

"Bon. Kama haikuwe miye, nani atakusema? Weye ulikuwa nyuma ya masque ya chuma miaka yote. Batu hawajue hata sura yako."

"Banajua kazi yangu."

"Petit, kazi haisemake bonjour."

"Na weye? Jina yako iko pale pia. Juu ya nini hauombi kura yako?"

"Yangu imekwisha," alisema, bila huzuni yoyote. "Nilikula kombe. Lakini hawawezi kutuacha sisi wawili inje. Hiyo haiko sawa."

Niliteremka zile ngazi nikiwa na hasira ya kutosha kung'oa reli ya ukutani. Niliwaza kuliondoa jina langu. Nilitaka heshima inijie yenyewe, kwa miguu yake yenyewe, si kwa kuletwa mkono na mtu ambaye alininyang'anya mara ya kwanza. Nyumbani mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja nguo.

"Toa jina basi," alisema. "Alors, utakuwa umeshinda nani?"

Sikuliondoa.

Siku ya matokeo rais alisoma kwa sauti yake ya jeshi. Mimi nilipita. Mrushaji alipungukiwa, si sana, lakini alipungukiwa, na wengi waliomnyima walikuwa na macho mekundu. Kisha nikasikia makofi ya mtu mmoja, mazito, ya mikono mikubwa. Alikuwa yeye, amesimama kwenye kiti. Chumba kizima kikainuka kikapiga makofi. Mpaka leo sijui kama walikuwa wananipongeza mimi au walikuwa wanamfuata yeye.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa majira ya kuchipua yaliyopita, pale Porte de Namur, adhuhuri, jua limetoka na watu wa ofisini wanakula mikate yao wamesimama. Alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango wa metro, na nilimpita kwanza bila kumtambua. Misuli ilikuwa imekwenda. Alipumua kama mtu aliyepanda ghorofa, na alikuwa amekaa tu.

"Docteur anasema moyo imenona," aliniambia nilipokaa. "Imekuwa kubwa kupita fasi yake. Wakati wote batu balisema niko na moyo mukubwa. Sasa iko mu karatasi ya hôpital."

Alicheka peke yake. Mimi sikuweza. Akaniambia kwamba anahamia Liège wiki hiyohiyo, kwa binti yake. Binti ndiye aliyempigia simu. Ana chumba cha chini, bila ngazi.

"Na picha yako, waliweka muzuri?"

"Nimekunja uso."

"Bon. Batakutambua."

Nilikuwa na swali nililolibeba miaka mingi, na nikaona kwamba Liège ni mbali kwa mtu mwenye pumzi ile.

"Grand, juu ya nini ulifanya? Batu bote balikuwa banakupenda. Hata ungerusha mayai, bangepiga makofi."

Alitazama mikono yake, akaigeuza.

"Njo vile," alisema. "Bote. Arbitre na mbwa yake, batoto, maman wa frites. Bale sikuwe na kazi ya kuwadanganya." Akavuta pumzi. "Lakini weye. Zamani, nikitupa mupira, ulikuwa unatoa glavu, unapepea mukono, sababu inauma. Ule mwaka mukono yangu ilikufa, haukupepea tena. Unashika, unarudisha. Haunitukane, haunisemeshe. Unarudisha tu. Nilikuwa narudi nyumbani na ile kitu. Nikasema: huyu, nitafanya apepee mukono tena."

Watu walipita mbele yetu na mifuko yao. Nilitazama kinywa cha metro kikimeza watu na kutoa wengine. Katika miaka yote niliyowaonea wivu waamuzi, mama wa chipsi na mbwa, haikunijia kwamba kulikuwa na kiti kimoja kilichowekwa pembeni, na kwamba aliyewekewa alikuwa mimi.

"Donc niambie," alisema. Alinigeukia mwili mzima, kwa shida. "Ile mupira ya kwanza, mbele ya kukuonyesha ile chupa. Nilikudanganya?"

Nilikumbuka mpira ule wa kwanza, na jinsi nilivyojua kabla sijasimama. Nilimtazama usoni.

"Ndiyo, Grand," nikasema. "Kabisa. Nilisema mukono ya Grand imerudi. Hata muke yangu nilimuambia. Nilimuambia, imerudi."

Kisha akaanza kucheka, kicheko chake cha buvette, mpaka ikabidi ashike ukingo wa benchi na mimi nimshike bega.

"Aksanti, petit," alisema alipopata pumzi. "Lakini unadanganyaka mubaya sana."